Kaka Yangu Masjala na Mstari wa Bata

Kaka yangu ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyetumia siku nane kusoma neno moja. Si kwamba kusoma hajui. Amesoma miaka thelathini na moja, masjala, akipokea barua za watu wengine, akizigonga muhuri wa tarehe, akizipa namba na kuzifunga kwenye majalada. Alipostaafu tulidhani atapumzika. Mke wake, yaani wifi yangu, akamnunulia kiti cha kuegemea akakiweka barazani. Hajakikalia mpaka leo. Kinakaliwa na karatasi.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Masjala, na amelipokea jina hilo kwa mikono miwili kana kwamba amepandishwa cheo. Ukienda kuazima nyundo kwake utaipata, lakini utaweka sahihi kwenye daftari, na ukiirudisha utaweka sahihi tena, na mpini ukionekana una ufa mpya utatakiwa utoe maelezo kwa maandishi. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, mshonaji, na nimekuwa nikimwekea sahihi tangu nikiwa darasa la pili.

Mwaka wake wa kwanza wa kustaafu alinunua mashine ya kutotolesha mayai. Ni sanduku la bati lenye hita, feni, trei inayojigeuza na kioo kidogo cha maandishi. Ndani yake mna programu inayoamua lini joto liwashwe na lini mayai yageuzwe. Programu hiyo ni huria, maana yake haina bwana mmoja: imeandikwa kwa kujitolea na watu waliotawanyika nchi mbalimbali, wanakutana mtandaoni, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuikosoa na kupeleka marekebisho. Kumwambia kaka yangu kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kukosoa ni sawa na kumfungulia mbuzi geti la bustani. Akawatumia masahihisho arobaini na manne ya kitabu cha maelekezo, yote yana namba. Wakamshukuru. Akatuma mengine sitini. Wakampa cheo cha mkaguzi, nadhani kwa kutumaini kwamba akiwa na kazi atawaacha wapumue.

Hapo wakawa wamejikaanga wenyewe. Kaka alijifunza kusoma msimbo wa programu kama alivyokuwa akisoma barua za serikali, mstari kwa mstari, rula chini ya mstari, kalamu nyekundu mkononi. Kuandika hajawahi kuandika hata mstari mmoja. "Kuandika ni kazi ya wenye mawazo," huwa anasema. "Mimi nasoma." Kila marekebisho yanayoletwa anayachapa kwenye karatasi, anayatoboa matundu mawili, anayafungulia jalada. Msicheke. Mwaka juzi aligundua sehemu ambayo ingewasha hita isizime, mayai yakachemka trei nzima, na vijana kumi waliosoma vyuo vikuu walikuwa wameipitia sehemu hiyo wakaona sawa. Tangu siku hiyo hakuna kinachoingia kwenye mashine bila sahihi yake. Na sahihi yenyewe si ya wino. Ni ufunguo ulio kwenye flashi, anayoivaa shingoni, na mashine yoyote ikiletewa programu isiyotiwa sahihi kwa ufunguo huo inaikataa.

Nami nikanunua mashine kama yake. Kosa langu lilikuwa moja tu: yeye ni mtu wa kuku, mimi ni mtu wa bata. Mama alipofariki, kaka alichukua sanduku lake la nyaraka, mimi nikachukua bata wake, na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu. Sasa kuku hutotolewa siku ya ishirini na moja, bata siku ya ishirini na nane. Msomaji ashike hapo, maana balaa lote limelala kwenye hizo siku saba.

Mara ya kwanza, siku ya ishirini na tano, niliingia chumba cha nyuma ya duka langu la ushonaji nikakuta mashine imepoa kama kaburi. Kwenye kioo pameandikwa: KARIBU. WEKA MAYAI. Mayai thelathini na sita yalikuwa ndani, yamekufa, na mashine inanikaribisha kwa adabu zote. Nikapeleka malalamiko kwenye mradi wa programu hiyo, mtandaoni. Aliyeyapokea ni nani? Kaka yangu. Akafungua jalada, akanihoji siku mbili kana kwamba hatujawahi kuonana, akalifunga kwa kuandika: "Mtumiaji alifungua kifuniko." Mtumiaji ni mimi, mdogo wake aliyekuwa akimbeba mgongoni.

Mara ya pili sikukigusa kifuniko. Nilikifunga kwa mpira wa kiuno cha sketi, ule mpana, nikaushona ncha kwa ncha. Siku ya ishirini na tano: KARIBU. WEKA MAYAI. Kaka akaandika: "Mtumiaji alifungua kifuniko, mara ya pili." Nikamnunia wiki tatu. Salamu yake siitikii, na wifi ananiambia kwamba hilo pia aliliandika mahali.

Mara ya tatu niliweka mayai arobaini, Jumapili saa kumi jioni. Siku tisa baadaye mbwa wa mtaani walivunja banda langu. Asubuhi nilikuta manyoya tu. Bata wote wa mama, dume na majike, wamekwisha. Nililia kama mtoto mdogo, katikati ya banda, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Kaka alikuja kunipa pole bila daftari wala kalamu, ndipo nikajua ameumia kweli. Tukatazamana, na wote wawili tukajua kwamba kilichobaki cha bata wa mama ni yale mayai arobaini kwenye sanduku la bati.

Siku ya kumi na saba, Jumatano, akatokea mtu mtandaoni anayejiita Bisibisi. Hakuna anayemjua sura, ila anaishi mbali kiasi kwamba kwetu kukiwa mchana yeye yuko kitandani. Yeye naye ni mfugaji wa bata, naye alikuwa ameshakaribishwa na mashine yake mara moja. Tofauti yake na mimi ni kwamba alifungua programu akatafuta. Akakuta kwamba mashine inahesabu muda tangu mayai yaingie, na inauhesabu kwa vipande vidogo mno, elfu moja ndani ya kila sekunde. Hesabu hiyo imetengewa nafasi yenye mwisho wake, kama futi yangu ilivyo na mwisho. Ikifika siku ishirini na nne, saa ishirini na dakika thelathini na moja, nafasi inajaa, na badala ya kusimama hesabu inarukia upande wa pili, chini ya sifuri. Mashine inapiga hesabu, inaona kwamba mayai bado hayajawekwa, inazima hita, inamkaribisha mwenye mayai. Kuku hawafiki huko. Kwa hiyo miaka yote hakuna aliyelalamika ila watu wa bata, na watu wa bata tuliambiwa tumefungua kifuniko.

Dawa yake ilikuwa neno moja. Ukiliongeza kwenye mstari mmoja, hesabu inaruhusiwa kuitumia na ile nafasi ya upande wa chini, inapata siku karibu hamsini. Bisibisi alikuwa ameshalijaribu siku ishirini na sita mfululizo, na kwa kuwa hakuwa na mayai alijaza viazi. Akatuma na picha. Viazi vimeota vimekuwa kama vichaka, lakini hita haikuzima.

Siku ileile kaka alikuja dukani kwangu na kitabu cha kupelekea barua chini ya kwapa. Nilikuwa napiga pasi. Akanikabidhi bahasha. Ndani mna barua fupi yenye namba ya kumbukumbu, ikisema kwamba maamuzi ya awali juu ya kifuniko yamefutwa, na mwandishi anasikitika.

"Weka sahihi hapa kwamba umepokea," akasema.

"Kaka, unaniomba radhi kwa barua?"

"Ya mdomo inapotea." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikukosea, mdogo wangu. Mara mbili."

Nikaweka sahihi. Kisha nikahesabu kwa vidole. Mayai yangu yangefika ile saa siku ya Alhamisi ya wiki inayofuata, saa sita na dakika thelathini na moja mchana.

"Basi twende," nikamwambia. "Neno moja. Liweke kwenye mashine yangu leo tuondokane na hili."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia tukaibe kanisani. "Halijakaguliwa."

"Si wewe ndiye mkaguzi?"

"Ndiyo maana nakwambia halijakaguliwa."

"Basi niizime mashine niiwashe tena."

"Hesabu inahifadhiwa kila dakika, umeme ukikatika isisahau. Na ukiifuta yote ianze upya, itadhani mayai yametagwa jana. Itaanza kuyageuza wakati watoto wanatakiwa kutulia. Watafia ndani ya yai." Akafunga kitabu chake. "Siku nane ni nyingi. Neno ni moja."

Siku nane ni nyingi! Nilikuwa nafuatilia mjadala kwenye simu, kati ya pindo na pindo, na kila nilipofungua damu ilinichemka. Kabla sijafika mbali kulikuwa na maoni sitini na moja juu ya neno moja. La kwanza lilitoka kwa roboti ya mradi, isiyo na akili wala aibu, ikimpongeza Bisibisi kwa mchango wake wa kwanza na kumkumbusha anywe maji ya kutosha. Mtu wa pili akashauri programu yote ifutwe iandikwe upya kwa lugha nyingine. Wa tatu akauliza kama bata wamo kwenye malengo ya mradi, maana hati ya mwanzo inasema "kuku" tu. Hapo wakaanza kupigia kura bata. Bata wakashinda kwa kura mbili, na wafugaji wa kware wakataka wao pia wapigiwe, ingawa kware wanatoka siku ya kumi na saba na hawana shida yoyote.

Halafu kulikuwa na Profesa. Huyu alikuwa mkaguzi wa pili, na kanuni za mradi zinataka wakaguzi wawili waandike "nimesoma, nakubali." Profesa alikuwa na neno na viazi.

"Kiazi si yai," aliandika.

Bisibisi akajibu kwamba hita haijui tofauti.

"Sisi tunaijua," akaandika Profesa, na kutaka jaribio lirudiwe kwa mayai, siku ishirini na tano kamili.

Bisibisi, ambaye sasa alikuwa anaandika kwa herufi kubwa, akasema hakuna haja ya kusubiri: hesabu isogezwe mbele kwa mkono, mashine iambiwe leo ni siku ya ishirini na nne, itazamwe dakika chache. Mimi nikasema alhamdulillahi, mtu mwenye akili kapatikana. Ndipo kaka yangu akaingia, na maneno yake ninayakumbuka kwa sababu nilikaribia kuichoma suruali ya mteja: "Kuiandikia mashine tarehe isiyo yake ni kughushi. Sitaipokea."

Nilitupa pasi nikaenda kwake. Wifi alinikuta getini, akanishika mkono, akaniketisha kwenye ngazi.

"Usimwingilie na hilo la tarehe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Unajua kwa nini alikaa ghorofa ya chini miaka kumi na moja?"

Sikujua. Nilikuwa najua tu kwamba kwa miaka hiyo alikuwa anatoka kazini na vumbi kichwani. Wifi akanieleza. Bosi wake aliletewa barua tarehe kumi na nne, akataka igongwe muhuri wa tarehe tisa, kwa sababu zake. Kaka akakataa. Bosi akabembeleza, akatisha, mwisho akaugonga mwenyewe, na kesho yake kaka akahamishiwa chumba cha majalada yaliyokufa, chini kabisa, kisicho na dirisha. Wenzake walipanda vyeo. Yeye alikuwa anapanga karatasi ambazo hakuna atakayezitaka.

"Nilimwambia angegonga tu," wifi akasema. "Siku tano ni nini? Hakunisemesha mwezi mzima."

Nikarudi dukani bila kugombana na mtu. Lakini mayai yangu niliyapima kwa tochi jioni ile, na ndani ya kila moja kuna kivuli kinajisogeza, na hasira ikanirudia.

Jumanne asubuhi viazi vilikubaliwa. Sijui kwa hoja gani, nadhani walichoka. Profesa alitaka maelezo yaliyo juu ya mstari yasiseme "bata" yaseme "ndege wa majini," Bisibisi akabadilisha, na kwa kuwa badiliko limeguswa, ikawa lazima lilale. Hiyo ni kanuni ya saba, aliyoitunga kaka: kila badiliko lilale siku mbili kamili tangu lilipoguswa mara ya mwisho, ndipo litiwe sahihi. Jumanne saa nne mpaka Alhamisi saa nne. Nikapiga hesabu: zinabaki saa mbili na nusu. Nikashusha pumzi.

Jumatano jioni mtu mmoja akaandika kwamba bata wengi hawaogelei. Profesa akakasirika, akatangaza kwamba amejitoa kwenye mradi na amefuta kukubali kwake, akazima simu. Tukabaki na mkaguzi mmoja.

Alhamisi saa tano na dakika kumi kaka aliingia dukani, jalada mkononi, kompyuta begani, jasho linamtiririka. Alikuwa amekesha na kanuni zake mwenyewe, na kwenye kanuni ya kumi na mbili akakuta mlango: mkaguzi akikosekana, aliyeleta malalamiko anaweza kuombwa asome badala yake.

"Aliyeleta malalamiko ni wewe," akasema. "Ukisoma na ukakubali, natia sahihi sasa hivi."

"Nakubali. Leta kalamu."

Akalirudisha jalada kifuani. "Hujasoma."

"Kaka! Saa tano na robo!"

"Mdogo wangu, mtu hatii sahihi kitu asichokisoma. Kurasa nne tu. Maneno usiyoyajua nitakueleza."

Ningeweza kumng'ata. Nikazifagia nguo mezani, nikakaa, nikasoma nikiwa nimeuma meno. Ukurasa wa kwanza hesabu inaanza. Wa pili, mstari wa Bisibisi, neno lake likiwa limepigiwa mstari mwekundu mara tatu. Kaka ananieleza taratibu, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuelewa. Hesabu inachukuliwa hapa, inapelekwa kule, kule inatumika kuamua joto. Nikafungua ukurasa wa tatu. Hesabu ileile, nikaiona kwa jina lake, inachukuliwa mara nyingine, inapelekwa upande wa trei.

Mimi ni fundi wa nguo. Ukipunguza mkono wa kulia, jicho linakwenda lenyewe kwenye mkono wa kushoto.

"Na hapa je?" nikauliza.

"Hapo wapi?"

"Hapa pa trei. Lile neno mbona halipo?"

Kaka akaivuta karatasi. Akaweka rula. Hapo ndipo mashine inapoamua kama mayai yageuzwe au yatulie, na hesabu ikiruka chini ya sifuri, itaona mayai machanga, itaanza kuyageuza. Joto lingekuwepo, ndiyo. Na bata wa mama wangegeuzwageuzwa mpaka wafe ndani ya joto zuri.

"Viazi," akanong'ona. "Bisibisi aliing'oa mota ya trei. Viazi vilikuwa vizito, imeandikwa, folio ya tisa humu jaladani. Nimesoma mara sita. Mara sita, na sikuona."

Nilitamani nisingeuliza. Ni mayai yangu, ni mimi niliyepiga kelele siku nane kwamba kukagua ni kupoteza muda, na ni mimi niliyesimamisha kazi ikiwa imebaki saa moja. Bisibisi alikuwa amelala. Tulimwandikia mara tatu, hakuamka. Wa kuongeza neno la pili hayupo, na hata angekuwepo, badiliko likiguswa leo litalala mpaka Jumamosi.

Saa sita kasorobo. Kaka alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wateja, mikono magotini, anautazama mlango wa chumba cha nyuma. Feni ya mashine ilikuwa inasikika. Nilitaka kumwambia mengi, nikakumbuka aliyoniambia wifi pale kwenye ngazi, nikaanza kuokota nguo nilizozifagia mezani.

"Mama alikuwa anawaita bata wake kwa kugonga sufuria," akasema, bila kunitazama.

"Kwa mwiko."

"Kwa mwiko."

Akaifungua kompyuta mapajani. Akatafuta mstari wa trei na, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, akaandika neno. Ndilo neno la kwanza alilowahi kuandika kwenye programu. Kisha kompyuta ikamuuliza tarehe ya badiliko, nayo inakubali yoyote utakayoiandikia. Kidole kikasimama hewani.

Akaandika Jumanne.

"Sasa soma upya," akasema. "Yote."

Nikasoma yote, nikaandika: nimesoma, nakubali. Akavua flashi shingoni. Saa sita na dakika ishirini na mbili tulichomeka waya kwenye mashine. Kioo kikazima, moyo wangu ukazima nacho, kikawaka: SIKU YA 24. Tukasimama bega kwa bega, kaka na saa yake ya mkononi, mimi na mpira wa sketi mkononi sijui wa nini. Thelathini. Thelathini na moja. Taa ya hita ikawaka, ikazima, ikawaka tena kama inavyotakiwa. Trei haikutikisika. Thelathini na tano. Nikampiga kofi la mgongoni nikicheka na kulia, na yeye akasema tu, "Niletee maji."

Jumapili walitoka thelathini na watatu. Wifi alikuja na sufuria na mwiko, akagonga, na vifaranga hawakumjali hata kidogo, walikuwa bize kukanyagana.

Kaka hakuja. Alikuwa nyumbani anaandika. Jumatatu barua yake ilibandikwa mtandaoni mbele ya wote, ina namba na kurasa mbili. Alieleza kwamba neno la pili aliliandika Alhamisi na kulipa tarehe ya Jumanne, kwa kujua, bila kushurutishwa. Kwamba mtu wa namna hiyo hafai kushika ufunguo. Na kwamba anaomba kujiuzulu ukaguzi kuanzia siku ya barua. Roboti ikampongeza kwa mchango wake wa kwanza, ikamkumbusha anywe maji. Bisibisi aliandika, safari hii kwa herufi ndogo, kwamba akiondoka huyu mzee yeye naye anarudi kwenye viazi. Profesa alirudi kutoka alikokwenda ili kusema kwamba aya ya pili ina urefu usiostahili.

Kwa kanuni ya kumi na tano, ambayo naye ndiye aliyeitunga, mkaguzi hawezi kuondoka mpaka barua yake isomwe na kukubaliwa na mkaguzi mwingine. Na mkaguzi mwingine, tangu Profesa ajitoe nami nikasoma badala yake, yupo mmoja tu.

Akaja dukani. Amevaa shati lake la kazini, lile la mikono mirefu, na kitabu cha kupelekea barua chini ya kwapa.

"Umeisoma?" akauliza.

"Naisoma."

"Ni kurasa mbili."

"Nimefika mstari wa nne. Hapa umeandika 'kwa kujua.' Ulijua nini hasa? Fafanua."

Akakaa kwenye kigoda, akachomoa kalamu, na akaanza kufafanua.

Huu ni mwezi wa kumi na nne sasa. Barua iko kwangu, imetobolewa matundu mawili, na mezani kwangu kuna rula. Kila akinijibu swali namwandikia lingine. Ufunguo bado uko shingoni mwake, na wiki iliyopita amekataa marekebisho ya mtu kwa sababu kumi na tisa. Mimi niko mstari wa sita, na sina haraka.